Mibirizi: Matusi Yaliyotangulia Mapanga

Wanywaji wengi wa kahawa ya Rwanda wamekutana na jina la Mibirizi kwenye mfuko wa kahawa wasijue kwamba ni kilima chenye watu, kanisa na hospitali. Mwaka 1904, Rwanda ikiwa bado chini ya Wajerumani, wamisionari wa Kikatoliki walipanda hapo miche ya kahawa, na mbegu iliyotokana nayo ikachukua jina la mahali. Parokia yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Leo Mibirizi iko katika wilaya ya Rusizi, kusini magharibi kabisa mwa nchi, mahali ambapo mtu wa Kamembe anavuka daraja asubuhi kwenda kuuza Bukavu, Kongo, na kurudi jioni akiwa amesema Kinyarwanda, Kiswahili na Mashi kwa siku moja.

Kwa wanasheria wa Arusha jina hilo lina uzito mwingine. Aprili 1994, Watutsi wa eneo lile walikimbilia parokiani wakiamini, kama wazee wao walivyoamini katika machafuko ya miaka ya nyuma, kwamba hakuna atakayewagusa penye msalaba. Walishambuliwa zaidi ya mara moja. Tarehe 29 Aprili kundi la wanamgambo wa Interahamwe kutoka Bugarama lilivamia parokia ya Shangi, na kesho yake, tarehe 30, likafika Mibirizi. Aliyeliongoza ni Yusuf Munyakazi, mkulima mwenye mali kutoka bonde la mpunga la Bugarama, mtu mzima aliyekaribia miaka sitini. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ICTR, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 25 mwaka 2010. Septemba 2011 Mahakama ya Rufaa ikakithibitisha kifungo hicho. Majaji waliona kwamba katika parokia hizo mbili, kwa siku mbili, waliuawa zaidi ya Watutsi 5,000.

Makala hii haitayasimulia mauaji yenyewe. Yamesimuliwa na walionusurika, nao ndio wenye haki ya kuyasimulia. Ninachotaka kukiangalia ni miaka minne iliyotangulia, pale ambapo nchi ilikuwa na vyama, magazeti, mikutano ya hadhara na redio ya burudani, na watu wenye akili zao wakiamini kwamba hayo ni maneno tu, siasa tu, yatapita.

Vyama vingi vilirudi Rwanda kwa katiba ya Juni 1991. Chama tawala cha Rais Juvénal Habyarimana, MRND, kilikuwa kimetawala peke yake tangu katikati ya miaka ya 1970, na ghafla kikakuta mbele yake MDR, PSD, PL na PDC. Mwaka uliofuata ikaongezeka CDR, ambayo iliiona hata MRND kuwa ni laini mno kwa Watutsi. Cyangugu, kama mkoa huu ulivyoitwa wakati huo, haikuwa pembezoni mwa siasa hizo. Faustin Twagiramungu, kiongozi wa MDR aliyekuja kuwa waziri mkuu Julai 1994, alikuwa mtu wa huku. André Ntagerura, waziri wa MRND, wa huku. Martin Bucyana, mwenyekiti wa CDR, naye wa huku huku. Mkoa mdogo, watu wanaojuana kwa majina ya baba zao, na kila mmoja amesimama kwenye jukwaa lake.

Ushindani wa hoja ungewatosha. Lakini kila chama kiliunda jeshi lake la vijana: Interahamwe wa MRND, Inkuba wa MDR, Abakombozi wa PSD, Impuzamugambi wa CDR. Ukazuka mtindo ulioitwa kubohoza, yaani kumkomboa mtu kutoka chama chake kwa nguvu. Kundi la vijana linakuja nyumbani kwako usiku, linakunyang'anya kadi ya zamani, linakuvisha kofia mpya, na kesho unahesabiwa kuwa umehamia kwa hiari. Niseme wazi kwamba mtindo huu ulitumiwa na wapinzani pia, na vijana wa MDR walikuwa mstari wa mbele kuutumia dhidi ya watu wa MRND. Hiyo ni sehemu ya kisa ambayo wasimulizi wengi huipita haraka. Mpinzani aliyecheka alipoona diwani wa chama tawala akidhalilishwa sokoni hakujua kwamba anawafundisha watoto wa kijiji kazi ambayo baadaye wataifanya kwa ukamilifu.

Wakubwa hawakuwa na lugha bora. Tarehe 15 Novemba 1992, akiwa Ruhengeri, Rais Habyarimana aliyaita makubaliano ya amani na waasi wa RPF, yaliyokuwa yakijadiliwa Arusha, makaratasi matupu. Wiki moja baadaye, tarehe 22 Novemba, kada wa MRND aliyeitwa Léon Mugesera, msomi mwenye shahada ya udaktari kutoka Canada, alisimama Kabaya akawaambia wafuasi wa chama kwamba kosa la mwaka 1959 lilikuwa kuwaachia Watutsi watoke salama, na kwamba njia yao ya kurudi Ethiopia ni mto Nyabarongo. Waziri wa sheria wa wakati huo, Stanislas Mbonampeka, alitoa hati ya kumkamata. Mugesera akalindwa, akakimbilia Canada, na waziri akajiuzulu. Tuliokuwa kandokando ya Ziwa Viktoria mwaka 1994 hatuhitaji kuelezwa maana ya Nyabarongo, kwa sababu maji yake huingia Akagera, na Akagera ikatuletea maiti hadi ufukweni mwa Uganda. Mugesera alirudishwa Kigali Januari 2012, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2016, miaka 24 baada ya hotuba yake.

Hebu tuingie kwenye magazeti, maana hapo ndipo penye somo linalonihusu mimi na wenzangu wa kazi hii.

Mwezi Mei 1990 lilitoka Gisenyi gazeti la Kangura, mhariri wake akiwa Hassan Ngeze, kijana aliyewahi kuwa mwakilishi wa gazeti lingine lililoitwa Kanguka. Kanguka lilikuwa likiukosoa utawala, nalo Kangura likachukua jina linalofanana, sura inayofanana, na kazi iliyo kinyume. Desemba mwaka huohuo, katika toleo la 6, lilichapa zile Amri Kumi za Wahutu: marufuku kwa Mhutu kuoa Mtutsi, kushirikiana naye biashara, kumhurumia. Jalada la nyuma la toleo hilo lilipambwa na picha ya Rais François Mitterrand wa Ufaransa, akisifiwa kuwa rafiki wa kweli. Novemba 1991 lilitoa jalada lenye picha ya Rais wa kwanza, Grégoire Kayibanda, pamoja na panga, na swali la silaha gani itumike kuwashinda adui. Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Rwanda, alichorwa humo kwa namna ambayo makala hii haiwezi kuieleza. Watu walinunua, wakacheka. Asiyejua kusoma alisomewa kwenye kilabu cha pombe ya ndizi.

Kuna tabia moja ya Kangura ambayo naiona haijasemwa vya kutosha. Lilijitangaza kuwa gazeti jasiri, lisilomwogopa mtu, linalosema yale ambayo wengine wanayameza. Lakini ukiyaweka matoleo yake mezani na kuuliza maneno haya yanampiga nani, jibu linarudi lile lile: mwalimu wa Kitutsi, mfanyabiashara wa Kitutsi, mwanamke aliyeolewa nje ya kabila lake, mwanasiasa Mhutu aliyetaka mazungumzo. Watu wa karibu na Ikulu, wale waliokuwa wamekalia mali ya nchi, walipumzika salama kwenye kurasa zake. Ujasiri wake wote ulikuwa wa kumpiga aliyelala chini.

Sasa lichukue gazeti la pili. Kinyamateka, la Kanisa Katoliki, lilianzishwa mwaka 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uhariri ulikabidhiwa padri kijana, André Sibomana. Wakati serikali ikikana kwamba kuna njaa kusini mwa nchi, Kinyamateka liliandika kwamba watu wanakufa. Liliandika habari za ufisadi na za viongozi waliojilimbikizia. Mwaka 1990 Sibomana na wenzake walipelekwa mahakamani kwa sababu ya makala zao. Padri akaja na ushahidi wake, akajitetea, wakaachiwa. Wala hakukuwa na upole katika maneno hayo, kwani serikali isingehangaika kumshtaki mtu mpole. Tofauti ni kwamba maneno makali ya Kinyamateka yalikuwa na jina, cheo, kiasi cha fedha na mahali. Mtu aliyeandikwa angeweza kujibu. Mtutsi anayeitwa mende gazetini ajibu nini?

Nasema haya kwa sababu kila tunapozungumza juu ya staha katika siasa na magazeti, kuna watu wawili wanaodandia mazungumzo. Mmoja ni mtukanaji, anayedai kwamba kumzuia ni kuua uhuru. Mwingine ni mkubwa serikalini, anayedai kwamba kumwuliza fedha zimekwenda wapi ni kumkosea adabu. Wote wawili wanachanganya kwa makusudi ukali na matusi, na wote wawili hufaidi. Rwanda ya 1990 ilikuwa na magazeti ya aina zote mbili kwenye meza moja ya muuzaji. Aliyepelekwa mahakamani ni mwandishi aliyesema kuna njaa. Ngeze naye alikamatwa mara kadhaa kwa hili na lile, lakini Kangura liliendelea kutoka, kwa msaada wa watu waliolihitaji.

Redio ya taifa ilikuwa imekwisha kuonyesha jinsi habari isiyohakikiwa inavyoua. Machi 1992 Radio Rwanda ilisoma, si mara moja, tangazo kwamba imepatikana barua kutoka Nairobi yenye mpango wa kuwaua viongozi 22 wa Kihutu. Hakuna aliyeithibitisha barua hiyo. Siku zilezile Watutsi wa Bugesera wakauawa kwa mamia. Mmisionari Mwitaliano, Antonia Locatelli, alizungumza na redio ya Ufaransa akaeleza anachokiona kwa macho, naye akapigwa risasi. Mkurugenzi wa shirika la habari la serikali, mwanahistoria Ferdinand Nahimana, aliondolewa kwenye cheo. Ungedhani hapo ndipo mwisho wake katika kazi ya habari.

Julai 1993 alirudi hewani kwa mlango mwingine. RTLM, redio ya watu binafsi iliyouza hisa, ilianza kurusha matangazo mwezi huo, majuma machache kabla ya Mkataba wa Amani wa Arusha kutiwa saini tarehe 4 Agosti. Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa CDR walikuwa kwenye uongozi wake. Mwenyekiti alikuwa tajiri Félicien Kabuga.

Redio hiyo ilipendwa, na hapo ndipo msomaji wa leo anapaswa kusimama kidogo. Radio Rwanda ilikuwa ngumu kama mkate wa juzi: salamu za rais, taarifa za mikutano, vifo na matangazo ya ofisi. RTLM ilipiga muziki wa Zaire. Watangazaji wake waliongea kama watu wa mtaani, walitania, waliwataja wateja wa baa kwa majina, walipokea simu za wasikilizaji. Hata wapiganaji wa RPF, waliokuwa wakitukanwa humo, waliisikiliza kwa vicheko. Tusi lilikuja limefungwa ndani ya mzaha, na mzaha ukifunguliwa na mtu mwenye hasira, yeye ndiye anayeonekana hana ucheshi. Baada ya miezi michache majina ya baa yakawa majina ya watu wa kutafutwa. Machi 1994 RTLM na Kangura viliendesha kwa pamoja shindano la wasikilizaji, lenye maswali ambayo majibu yake yalipatikana katika matoleo ya nyuma ya gazeti. Chuki ikawa na zawadi.

Kuna mtu mmoja ninayemheshimu sana katika kisa hiki na ambaye vitabu vya uandishi wa habari vya kwetu havimtaji. Waziri wa habari, Faustin Rucogoza wa MDR, alifanya kile ambacho sheria ilimtaka afanye. Tarehe 26 Novemba 1993 aliwaita viongozi wa RTLM akawaonya. Tarehe 10 Februari 1994 akawaita tena, Kabuga, Nahimana na Barayagwiza wakiwemo, akawaeleza kwamba wanavunja masharti ya mkataba waliousaini na serikali. Hakuwafungia ghafla, hakuwatumia vijana, hakuwatukana. Kituo hakikubadilika. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili, saa chache baada ya ndege ya rais kuangushwa, Rucogoza aliuawa. Siku hiyohiyo akauawa Agathe Uwilingiyimana. Vincent Rwabukwisi wa Kanguka aliuawa mwezi huo, na André Kameya wa Rwanda Rushya akauawa kabla ya vita kwisha. Waliokuwa wakisema kwa adabu walikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Je, redio ndiyo iliyopeleka magari Mibirizi? Hapa lazima niwe mwangalifu. Mtafiti Mmarekani Scott Straus, aliyewahoji wauaji wengi waliofungwa, aliona kwamba wachache ndio waliotaja redio kuwa sababu. Walitaja zaidi kuitwa na kusukumwa na watu waliowajua, uso kwa uso. Mtafiti mwingine, David Yanagizawa-Drott, alilinganisha maeneo yaliyopata mawimbi ya RTLM na yasiyoyapata, akakadiria kwamba takriban sehemu moja katika kumi ya ushiriki ilitokana na matangazo hayo. Mimi sioni kama wanapingana. Wauaji wa Mibirizi waliongozwa na mtu, si na sauti. Walitoka Bugarama, wakapita barabarani mchana, wakiwa na kiongozi mwenye heshima zake. Kazi ya magazeti na redio ilikuwa imekwisha zamani: kuifanya safari ile isiwe ya aibu. Februari mwaka huohuo, Félicien Gatabazi wa PSD alipouawa Kigali na kesho yake Bucyana wa CDR akauawa karibu na Butare, mkoa wa Cyangugu ulichafuka, na hapakubaki mtu wa jukwaani mwenye sauti ya kutuliza ambaye kambi zote mbili zingemsikiliza. Sauti hizo zilikuwa zimezomewa kwa miaka mitatu.

Arusha ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, chini ya Jaji Navanethem Pillay. Katika rufaa ya Novemba 2007 adhabu zilipunguzwa: Nahimana miaka 30, Barayagwiza 32, Ngeze 35. Kabuga alijificha hadi Mei 2020 alipokamatwa karibu na Paris, na kesi yake ikasimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya afya ya akili yake. Mtangazaji Mbelgiji wa RTLM, Georges Ruggiu, alikiri makosa mapema akapata miaka 12.

Sehemu inayofuata inawakera watu wa pande zote. Baada ya 1994 Rwanda iliweka sheria kali dhidi ya ugawanyaji na itikadi ya mauaji ya kimbari, na ukikumbuka Kangura huwezi kusema haikuwa na sababu. Lakini sheria pana hukamata samaki wa kila aina. Februari 2011 Agnès Uwimana Nkusi, mhariri wa gazeti dogo la Umurabyo, alihukumiwa miaka 17 kwa maandishi yake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikaishusha hadi minne. Mwaka 2010 magazeti ya Umuseso na Umuvugizi yalifungiwa. Yalikuwa na makosa yao, mengine ya kihariri kabisa, uvumi juu ya uvumi. Matokeo yake ni kwamba leo mtu wa Rusizi anayetaka kujua kwa nini bei ya chai au ya mpunga wake imeshuka anapata habari safi isiyo na tusi, na mara nyingi isiyo na swali. Hiyo ndiyo hasara ya pili ya Kangura, na inalipwa na watu ambao hawakuwahi kulisoma. Padri Sibomana, aliyekuwa amenusurika, aliendelea baada ya vita kusema juu ya dhuluma za watawala wapya kama alivyosema juu ya wale wa zamani. Alifariki 1998. Mrithi wa aina yake hajaonekana.

Ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, hali ni nyingine, na si nzuri zaidi. Agosti 1998, vita vya pili vya Kongo vilipoanza, Abdoulaye Yerodia Ndombasi, mtu wa karibu wa Rais Laurent-Désiré Kabila, aliwaita Watutsi wadudu wa kuangamizwa. Akapandishwa kuwa waziri wa mambo ya nje. Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata mwaka 2000, na Februari 2002 Mahakama ya Haki ya The Hague ikaamua kwamba waziri wa mambo ya nje ana kinga. Bukavu hiyohiyo imekuwa na waandishi wa kazi halisi, na imewazika: Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Juni 2007, Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo Novemba 2008. Mtukanaji anapewa kinga, mwenye kuuliza anapewa risasi.

Tusijifanye kwamba haya ni ya Maziwa Makuu peke yake. Wazanzibari wenye umri wanakumbuka zama za siasa, magazeti ya vyama yalipokuwa yakirushiana maneno ya asili na rangi hadi uchaguzi wa Juni 1961 ukaishia kwa vifo vya watu 68. Wakenya wanakumbuka redio za lugha za nyumbani za 2007.

Siku hizi tusi halihitaji mtambo wala hisa. Linasafiri kama sauti ya WhatsApp isiyo na jina, dakika tatu, Kiswahili au Kinyarwanda, ikitaja kabila na kijiji, ikivuka mpaka wa Rusizi upesi kuliko mtu mwenye kibali. Kwa wahariri wenzangu ombi langu ni fupi: mwandikeni mkubwa kwa jina lake, kosa lake na kiasi alichochukua, mpeni nafasi ya kujibu, na kabila lake liacheni nje ya habari. Na wewe msomaji, ukiletewa sauti inayolituhumu kabila zima bila kutaja mtu mmoja wa kuulizwa, ifute, kisha umpigie aliyekutumia umwambie kwa nini umeifuta.